Sanduku Yenye Ngombe Alilamba

Magloire, jirani yetu, alikufa juu ya autokolan. Haikuwa malaria, haikuwa ajali, hata kama aliendesha moto yake, pikipiki, sawa muntu mwenye roho saba. Autokolan tu, kakaratasi kadogo sawa kiganja ya mutoto, yenye alibandika nyuma ya moto, juu ya plake ya namba: sura ya Colonel Sabuni na mustashi yake, anacheka. Wakati ba Botte walitawala kilima chetu, sura ile ilimupitisha Magloire ku barrière zote, vizuizi vya barabara, bila swali. Kisha ba Kofia wakakuja, ba Botte wakakimbia, na Magloire akasahau kuibandua. Ku barrière ya chini, pale barabara ya Kitshanga inakata muto, walimushusha wakamuuliza:

"Huyu anacheka nini?"

Magloire hakukosa jibu tangu primaire. Akasema: "Mumuulize yeye mwenyewe."

Walimupiga risasi mbili mu shavu. Moto wakabaki nayo. Autokolan waliikwangua na kisu, pole pole, na uangalifu, juu moto ilikuwa bado nzuri.

Ninaanza na Magloire ili muelewe kwa nini mu nyumba yetu, nyumba ya watu wa kubandika makaratasi, picha ilitisha kuliko bunduki. Ba Botte, hao njo watu wa Sabuni, wanavaa botte, viatu virefu vya plastiki. Ba Kofia, watu wa Komanda Radi, wanavaa kofia za sufu hata jua ikiwaka. Tofauti ingine kati yao sijaiona, na mimi Élysée nilisoma mpaka sita ya sekondari.

Kwetu tunabandika. Papa Léonard alikuwa anatengeneza fromage, jibini ya ngombe, mpaka siku ngombe zetu ziliondoka na watu wenye hawakuaga. Zikabaki kasha za mbao za kubebea fromage, tupu, zimepangwa nyuma ya nyumba, zinanuka maziwa. Mama Emérence hawezi kuona kitu tupu bila kukitafutia kazi. Alichukua makasi, akakata maua mu kalendrie ya zamani ya kanisa, ya paroisse, akayabandika ku kasha moja. Jirani akaiona, akaitamani, akabeba kuku kuja kubadilisha. Njo ikawa kazi ya nyumba nzima. Muvua ikinyesha, na kwetu Masisi muvua haingoji kuombwa, tunakaa wote karibu na moto: Mama anakata, mudogo wangu Gaëlle anapanga picha, Papa anarekebisha mbao, mimi ninapaka kole, gundi yetu, na ninasema ujinga. Kila muntu na talanta yake.

Kole yetu ni unga ya muhogo, ile ile ya bugali, lakini na maji mingi, inapikwa mpaka inang'aa sawa kamasi ya mutoto wa homa. Unapaka chini ya karatasi na manyoya ya kuku, unaweka karatasi, unapaka tena juu. Kisha unaviringisha chupa kutoka katikati kwenda pembeni, kufukuza hewa. Ukianza pembeni, hewa inafungiwa katikati, na Mutakatifu Yosefu anaota mimba.

Kisha kila kitu kikikauka, unafunga kazi na utomvu. Utomvu ule ulitoka Walikale kwa mujomba wa Mama, Papa Zéphyrin, mwindaji, mwenye anakata ganda ya muti fulani ya pori na kungoja muti ilie. Ukiupaka juu ya karatasi, maji haiingii, mende haikuli, hata ukucha ya shetani inateleza. Lakini barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa: upande moja ba Botte, upande ingine ba Kofia, na katikati matope yenye haina chama. Chupa yetu ya mwisho ilikuwa imeisha. Basi Mama akaanza kutia chumvi mu kole. Mende haipendi chumvi, na kole ya chumvi haiozi upesi mu baridi. Ilikuwa akili ya kweli. Kilima kizima kilimusifu.

Na ile chupa ya mwisho ya utomvu, tuliimaliza wapi? Ku sura ya Sabuni.

Wakati wa ba Botte, Sabuni aligawa kalendrie yake mwenyewe. Sura yake ku kila mwezi. Hata Février, mwezi ya mufupi, aliijaza mpaka masikio. Aliamuru kila nyumba iionyeshe. Watu wengine walitundika ku musumari. Sisi, watu wa kujifanya tunajua kazi, tulichukua sanduku kubwa ya Papa, ya mbao ya libuyu, muti mugumu wa bei, sanduku ya kuweka maharagi, tukaifunika na Sabuni wote kumi na wawili, tukawapaka utomvu mpaka waking'aa. Ba Botte walipita, wakaona, wakapiga saluti mbele ya maharagi.

Siku ba Kofia waliingia, Mama alibandika karatasi za sukari na maua ya paroisse juu ya Sabuni wote, mbio mbio, huku risasi zinalia ku bonde. Gaëlle akasema tuichome. Papa akasema libuyu haichomwi, ni sawa kuchoma ngombe muzima. Ikabaki vile, maua juu, Sabuni chini, maharagi ndani.

Sasa sikia. Jeudi moja, siku ya soko, Komanda Radi alisimama mu mulango yetu. Muntu mufupi, kofia yake ya bluu, macho ya muntu mwenye halali vizuri. Nyuma yake vijana wake na bunduki. Tulikuwa tunabandika kasha ya jirani. Sufuria ya kole ilikuwa kati ya magoti yangu.

"Ninaoa kesho kutwa, Samedi," akasema. "Ninaoa Valérie, wa kwa Papa Athanase, watu wa ngombe kule juu. Nataka sanduku ya bibi-arusi. Ya kufunikwa na picha, vile munafanyaka."

"Aksanti kwa heshima, afande," Mama akasema. "Keti, tukuonyeshe."

Hakuketi. Alipiga teke kasha ya kwanza. Akapiga teke ya pili. Kisha akaona sanduku ya maharagi mu pembe.

"Ile."

"Ile iko ya zamani, afande. Imeliwa na wadudu. Tutakutengenezea ingine, mupya."

"Mama, nimesema ile." Akatoa bahasha ndani ya koti. Ndani mulikuwa sura zake, kubwa, alizichapisha mu muji, nyingi: Radi na kofia, Radi bila kofia, Radi na telefone ku sikio sawa muntu mwenye anaongea na Mungu. "Mutabandika hizi. Upande zote. Bibi yangu akifungua sanduku, anione. Akifunga, anione."

Papa Léonard akasimama, akafungua mudomo kusema kitu. Sijui alitaka kusema nini mpaka leo. Kijana mwenye kofia ya rangi ya jano alimupiga kitako ya bunduki mu mudomo. Papa akaanguka juu yangu. Meno yake mbili zikaingia mu sufuria ya kole, zikazama pole pole, sawa maharagi.

"Papa Léonard atakaa kwetu mpaka Samedi," Radi akasema, hata sauti hakuinua. "Ili mufanye haraka. Sanduku ikipendeza, anarudi na miguu yake. Isipopendeza, mutamubeba ndani yake."

Walimufunga mikono na mupira ya ndani ya gurudumu ya moto, wakamupeleka. Alikuwa anatema damu ku kila hatua, na damu ilibaki ku njia mpaka muvua ikaja.

Mama alibakia anaangalia sufuria. Nikatoa meno na manyoya ya kuku, nikayapanguza, nikamupa. Akayafunga mu kitambaa, akayaingiza mu kifua.

"Tumukwangue Sabuni," Gaëlle akasema. "Sasa hivi."

"Na nini?" nikauliza.

"Na kisu. Na meno. Na chochote, kaka! Wakimuona pale chini, Papa amekufa. Umemusahau Magloire?"

Hatukumusahau. Tulibandua maua, tukawakuta Sabuni kumi na wawili wanang'aa sawa jana. Gaëlle alianza na Janvier, mwezi ya kwanza. Alikwangua mpaka vidole vikatoka damu, na kitu alichopata ni ncha ya pua. Utomvu ya Papa Zéphyrin ilikuwa imeshika sawa dhambi ya kurithi. Tulimwaga maji ya moto: Sabuni akaoga tu, akapendeza zaidi. Tulitaka kupasua mbao na shoka, lakini basi sanduku gani tutapeleka? Radi aliipima na macho yake, aliitaka ile.

Mama akasema: "Muache. Tunabandika juu. Karatasi ya sukari mara mbili, kisha Radi. Na chumvi ya kutosha, juu muvua ni nyingi na mende iko kila fasi. Isitoke kasoro hata moja."

Alitia chumvi mikono mbili. Nilionja kole na ulimi, nikamwambia: "Mama, hii tungeweza kula na majani ya sombe." Hakucheka. Tulifanya kazi ile bila kuimba, muvua inanyesha, sanduku inageuzwa mbele ya moto sawa mahindi. Mama alikata sura za Radi na makasi, akifuata masikio, akifuata kofia. Mimi niliviringisha chupa kutoka katikati kwenda pembeni. Hakuna Radi mwenye aliota tumbo. Na niseme ukweli: ilikuwa kazi nzuri kuliko zote zenye tulifanya.

Samedi tuliibeba mpaka kwa Radi, ku malisho ya juu, fasi walijenga hema zao. Mahari kwanza, kisha kanisa. Upande moja vijana wa Radi, kofia zao zimefuliwa. Upande ingine watu wa Papa Athanase, mujomba wa bibi-arusi, muzee wa fimbo ndefu, na vijana wake wenye wanachunga ngombe na kalashnikov, juu kwetu sasa ngombe haichungwi na fimbo peke yake. Katikati, Valérie, na pagne mupya ya kitenge, anaangalia chini sawa muntu mwenye amepoteza kitu mu majani.

Papa alikuwa ameketi ku nguzo. Walimuvalisha koti ya muntu mwingine, ili asiharibu sherehe. Mudomo yake ilikuwa imevimba mpaka macho. Alituona, akatikisa kichwa kidogo.

Tuliweka sanduku mbele ya Radi. Aliizunguka. Akajiona mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu. Akacheka, na watu wake wote wakacheka.

"Hii njo kazi!" akasema. "Papa Léonard, una bahati ya watoto. Mahari ikiisha, unaenda kwako."

Mama akashusha pumzi. Mimi pia. Tungekuwa na akili, tungeomba watupe Papa hapo hapo. Lakini mahari haikatizwi.

Walileta ngombe. Zilikuwa za nani mbele? Kwetu ulizo ile inafupisha maisha. Zilikuja moja moja, kila moja na kamba ya majani shingoni. Na hapa muelewe desturi, juu njo ilitumaliza: ngombe ya mahari, tangu avalishwe majani mpaka aingie mu boma ya wakwe, haipigwi. Fimbo, jiwe, teke, hapana. Ukimupiga umepiga bibi-arusi, na damu yake ikimwagika ndoa imekufa, hata kama padri ameisha kuvaa.

Ya tatu ilikuwa nyekundu, na alama nyeupe ku paji. Gaëlle akanifinya mukono mpaka nikasikia mufupa.

"Kaka. Bihogo."

Alikuwa Bihogo wetu. Ngombe ya Mama, yenye ilizaliwa nyuma ya nyumba, yenye ilikula chumvi mu kiganja cha Mama kila asubuhi mpaka siku wale watu wasioaga walipopita. Alikonda. Mbavu unaweza kuhesabu. Mwenye alimuiba hakumupa chumvi, unaona tu ku manyoya.

Bihogo alisimama, akainua pua. Akavuta hewa. Kisha akaacha kundi, akatembea mulemule katikati ya watu, taratibu, sawa mama mukubwa mwenye amechelewa misa na hajali, akafika mbele ya sanduku, akamulamba Radi mu uso.

Watu wakapasuka na kicheko.

"Anamubusu!" mushangazi mumoja akapiga kelele. "Ngombe anamubusu bwana-arusi! Baraka!"

Vigelegele vikalia. Radi mwenyewe akacheka, akarekebisha kofia. Na ulimi ya Bihogo ikarudi, ndefu, ya kukwaruza sawa tupa ya fundi. Mara ya kwanza Radi akalowa. Mara ya pili kofia yake ikatoka. Kofia ya karatasi, naongea ya karatasi. Bihogo akaitafuna na macho yamefungwa, anakula chumvi ya Mama.

Nikakimbia pale. "Bihogo," nikasema chini chini, "tafazali. Enda. Enda, mama." Akanilamba mukono, akarudi ku sanduku. Nikamusukuma na bega. Ni sawa kusukuma kanisa.

"Ee, kijana!" Papa Athanase akainua fimbo. "Usimuguse ngombe ya mutoto wetu!"

"Simupigi, Papa, ninamusalimia!"

Nikakaa juu ya sanduku, miguu imeanguka mbele, kufunika fasi ile na magoti. Bihogo akaingiza kichwa kati ya magoti yangu na kuendelea. Watu walicheka mpaka wakalia. Mwenye kofia ya jano akanivuta ku shati, akanipiga kofi yenye ilinigeuza, nikaanguka mu majani. Kutoka chini pale, na sikio inalia, nikaona karatasi ya sukari inatoka kipande kirefu, safi, sawa ganda ya ndizi. Na nyuma yake, ikitoka mu mate ya ngombe, ikang'aa kuliko kitu chochote ku malisho yale, mustashi.

Kicheko kilikufa ku upande ya mbele kwanza, kisha nyuma, fasi watu hawakuwa wameona bado.

Sabuni alikuwa anacheka peke yake.

Radi akasimama. Hakupiga kelele. Akatoa bastola yake.

"Nani alimubandika huyu?"

"Miye." Ilikuwa sauti ya Papa, nzito, na mudomo ule wenye hauna meno. "Peke yangu. Bibi na watoto hawajui kitu."

Walimukokota kwa koti ile ya muntu mwingine. Walikata mupira ya mikono, wakamupigisha magoti mbele ya sanduku, shavu yake ku shavu ya Sabuni. Radi akamuwekea bastola nyuma ya sikio. Mama akalia sauti moja, fupi, sawa kuku mwenye amekanyagwa. Na mimi, mwenye sikujua kufanya kitu kingine mu dunia hii isipokuwa ujinga, nikasimama na ujinga wangu.

"Komanda! Lakini umuangalie fasi yenye iko! Iko chini yako!"

Akageuka.

"Tungemutoa, angekuwa huru," nikasema. Mudomo ilikuwa inakimbia mbele sawa moto bila breki. "Tulimuweka chini kusudi! Wewe juu, yeye chini, milele! Na kila siku Madame akikaa juu ya sanduku kufunga viatu, wewe unamubeba, na Sabuni anabeba matako ya ninyi wawili!"

Kisha mushangazi ule wa baraka akacheka, kicheko ya tumbo, hakuweza kuizuia. Mwingine akafuata. Valérie, mwenye hakuinua uso tangu asubuhi, akaziba mudomo na pagne, mabega yakitikisika. Na Radi akaona bibi yake anacheka mara ya kwanza. Akatikisa kichwa. Akacheka pia. Akatoa bastola ku sikio ya Papa.

"Una mudomo, wewe," akaniambia. "Sawa. Baba yako hafi leo."

Nilitaka kulala chini palepale.

"Lakini niambie kitu moja." Akapitisha kidole ku mustashi ya Sabuni, kisha ku sura yake mwenyewe yenye ilibakia nusu, imelowa, inaning'inia. "Sabuni mulimupaka utomvu. Anang'aa. Mimi mulinipaka bugali, ngombe ananikula. Kwa nini?"

Nikaangalia mikono ya Mama, yenye ilitia chumvi.

"Mukono gani unapaka?" akamuuliza Papa. Radi akakamata ule wa kuume, akautandaza juu ya uso ya Sabuni, vidole vimefunguka, sawa vile tunatandaza karatasi. Akaweka bastola katikati. Akapiga.

Mulio haukuwa mukubwa. Papa hakulia mara moja. Aliangalia mukono wake, fasi mulikuwa na shimo na vidole viwili vinashikwa na ngozi tu, na alikuwa na uso ya muntu anasoma kitu chenye maandishi madogo. Kisha akalia. Risasi ilipita mukono, ikapita meno ya Sabuni, ikapita mbao ya huku na mbao ya kule, na kule Bihogo alikuwa amezunguka kulamba upande ingine.

Alipiga magoti ya mbele kwanza. Damu ikatoka shingoni, ikalowesha kamba ya majani.

Papa Athanase akatembea mpaka pale. Akaweka kidole mu damu, akakiinua ili watu wake waone.

"Umemupiga mutoto wetu," akasema.

"Nitakupa ngombe ingine, Papa."

"Hakuna ingine. Valérie, kuja hapa. Tunarudi."

"Bibi yangu haendi fasi."

"Hauna bibi."

Mwenye kofia ya jano akacheka. Ilikuwa kosa yake ya mwisho. Kijana wa Athanase alikuwa karibu naye na panga, akamukata kati ya shingo na bega, panga ikakwama, akaweka muguu juu yake ili aitoe. Kisha kila muntu akapiga risasi. Waliokuwa mita chache kutoka kwa wenzao walipigana risasi mu tumbo, wengine walishikana na panga, mushangazi wa baraka alianguka na mudomo wazi sawa bado anacheka. Padri alikuwa ametambaa chini ya meza ya pombe.

Sisi tulilala nyuma ya Bihogo. Mama alimuvuta Papa kwa koti, Gaëlle akafunga mukono yake na kitambaa cha kichwa, akivuta na meno. Risasi zenye zilikuja kwetu ziliingia mu ngombe: puf, puf, sawa muntu anakung'uta godoro. Alikuwa bado anahema. Kila risasi ikiingia, mwili yake inatusukuma kidogo, na Mama alikuwa amemuwekea kiganja ku pua, sawa asubuhi za zamani, na Bihogo analamba.

Wakati bunduki zilihamia upande ya hema, tukashuka mu mashamba ya maharagi, mimi na Papa mugongoni, Gaëlle mbele, Mama nyuma. Hakuna mwenye alitufuata. Walikuwa na kazi.

Muuguzi ku centre de santé alikata mukono mpaka ku kifundo. Papa akaishi. Njo kitu chenye tulitaka tangu Jeudi ile, na tulikipata. Sikusema tulikipata kizima.

Radi alikufa palepale ku malisho. Wanasema watu wake hawakukuwa na wakati ya kutafuta mbao ya jeneza, wakamukunja magoti, wakamuzika ndani ya sanduku, sura yake imelambwa na Sabuni kumi na wawili wanamuzunguka. Mimi sikuona. Mwenye aliniambia ni muntu wa kuongeza chumvi.

Chumvi, Mama aliiacha kabisa. Si mu kole tu. Alipika maharagi bila chumvi, sombe bila chumvi, na sisi tukakula bila kusema kitu, hata mimi. Mpaka siku moja Papa akaweka kijiko chini na mukono wake wa kushoto.

"Emérence," akasema, na maneno inapiga filimbi mu pengo ya meno. "Maharagi haijafanya kitu."

Mama akasimama, akaleta chumvi. Alilia akiitia, akatia nyingi sana, tukakula yote.

Ba Botte wamerudi sasa. Sabuni amezeeka, wanasema, mustashi imekuwa nyeupe, lakini kalendrie bado haijakuja. Sisi tunabandika. Papa anakandamiza karatasi na kigutu, inafaa kuliko chupa, anasema, haina shingo. Hatubandiki tena sura ya muntu, hata ya mutakatifu. Tunakata mu paketi za mbegu zenye watu wa misaada wanagawa: karoti, vitunguu, na zaidi kabichi, juu kabichi ni ya mviringo na inajaza kasha upesi.

Wiki iliyopita kijana wa ba Botte alisimama mu mulango, botte zake na matope. Akachukua kasha moja, akaigeuza geuza.

"Kabichi hii iko ya upande gani?"

Mama, Gaëlle, wote wakaniangalia mimi. Nikainamia sufuria ya kole.

"Ya upande ya sufuria, afande," Papa akasema.

Kijana hakucheka. Akaangalia kigutu ya Papa. Akaangalia kabichi. Kisha akaingiza ukucha pembeni ya karatasi, akaanza kukwangua pole pole, kuona ni nani iko chini. Tulikuwa tumesimama wote tunaangalia ukucha ule, hata kama sisi wenyewe tulijua iko nini chini.

Chini ilikuwa mbao tu.